Rudini mtujibu: barua ya wazi kwa wakuu wa manispaa yetu

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Manispaa, kwa Meneja wa Manispaa, kwa Waziri wa Fedha wa Kaunti, na kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu.

Waheshimiwa,

Nawasalimu nyote kwa heshima. Jina langu liko kwenye orodha yenu ya mahudhurio ya kikao cha maoni kuhusu Mswada wa Fedha, ule unaopanga ada na ushuru wa kaunti, nambari 41. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu iliyofungwa uzi kwenye meza ya mlangoni: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mtaa, sahihi. Nilikuwa bado nimejifunga leso ya sokoni, maana nilitoka mbio nikamwachia meza yangu mtoto wa jirani.

Orodha ile ndiyo kitu pekee kilichobaki cha siku ile. Mswada wa Fedha ulipopelekwa bunge la kaunti, uliandamana na ripoti iliyosema kwamba umma umeshirikishwa, na ushahidi uliotolewa ni majina yetu. Nimeisoma ripoti hiyo. Niliipata kwa kuomba, nikarudi mara tatu, nikaisomea ofisini nikiwa nimesimama. Kikao kizima cha asubuhi kimepewa mistari minne. Kuhusu soko letu umeandikwa mstari mmoja: kwamba wafanyabiashara waliomba ada zipunguzwe.

Waheshimiwa, hatukuomba ada zipunguzwe. Ndiyo sababu naandika.

Sitautaja mji wetu. Sikusudii kumwaibisha mtu, na nimezungumza na wenzangu wa masoko mengine, ya pwani hii na ya bara, nikawasikia wakisimulia kikao kile kile na majibu yale yale. Atakayesoma barua hii akadhani nazungumzia mji wake, huenda hajakosea.

Niwakumbushe siku yenyewe. Tangazo lilibandikwa Jumanne alasiri kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi wa wadi, na kikao kilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa hoteli iliyo nje ya mji. Kutoka sokoni hadi pale ni nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi. Saa tatu asubuhi ni saa ya mauzo. Anayeondoka mezani saa hiyo ameacha riziki ya siku. Katika soko lenye meza zaidi ya mia mbili, tulifika watu tisa. Ukumbini tuliwakuta vijana wengi ambao hatukuwahi kuwaona sokoni wala mtaani. Mswada ulikuwa na nakala tatu, zote kwenye meza kuu. Sisi tulisoma ukutani, kwenye mwanga wa projekta, herufi ndogo kama chawa, na kwa Kiingereza. Afisa alisoma vichwa vya majedwali, akatafsiri kimoja kimoja: maegesho, leseni za biashara, machinjio, mabango, masoko, makaburi. Alipomaliza, akasema tuna dakika arubaini za maoni.

Mtu wa nne kusimama alikuwa mama mmoja wa upande wa samaki. Ni mama karanga, yaani mkaangaji na muuzaji wa samaki, tangu nikiwa msichana namwona na karai lake la mafuta, na hajawahi kuomba kipaza sauti maishani mwake. Alikishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mwanangu, naomba unisaidie. Hapo mmeandika kwa kila ndoo. Hiyo ndoo ni ndoo gani?"

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Akaeleza, na naomba niyaandike maneno yake hapa kwa sababu katika ripoti yenu hayamo. Alisema ndoo ya dagaa na ndoo ya nguru ni ndoo moja kwa macho ya askari wa kaunti, lakini mfukoni ni mbingu na ardhi. Alisema wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na vyombo vikija vimejaa, ndoo hujaa mpaka samaki wakaangukia mchangani. Wakati wa kusi mashua ndogo hazitoki siku nyingi, na anayepata tafi wanne watano huwaweka kwenye ndoo ile ile kwa sababu hana chombo kingine. Huyo naye hulipa ndoo. Kisha akatoa pendekezo, kamili kabisa. Pale bandarini, kikundi cha usimamizi wa ufuo kina mizani, na kila samaki anayeshushwa hupimwa na kuandikwa kilo zake katika daftari. Kwa nini ada isihesabiwe kwa kilo zilizokwisha kuandikwa? Kaunti haitanunua mizani wala haitaajiri karani. Mwenye mzigo mkubwa atalipa zaidi ya analolipa sasa, na mwenye samaki wanne atalipa cha samaki wanne.

Sikilizeni vizuri: pendekezo lile lingeweza kuwaongezea mapato. Mama yule hakuwa anakimbia ushuru. Alikuwa anawaonyesha kipimo.

Afisa alimjibu kwa adabu. "Asante sana mama, tumelichukua hilo."

Akakaa. Alifurahi, niliuona uso wake. Njiani tukirudi, watatu kwenye tuktuk, aliniuliza, "Wamelichukua, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, wamelichukua.

Miezi ikapita. Sheria ikapitishwa, vijana wa ushuru wakaja na mashine zao ndogo za mkononi, na kwenye risiti imeandikwa ndoo. Mama akamuuliza yule kijana, naye akasema, "Mama, mimi nafuata kilichoandikwa." Ana haki kijana yule, hana kosa. Tangu siku hiyo kila nikipita upande wa samaki naulizwa swali moja, na wala haliulizwi kwa hasira: katibu, lile jambo walilichukua wakalipeleka wapi?

Mimi ni katibu wa kamati ya soko na sina la kumjibu. Naomba mnisaidie.

Zamani nilidhani kumjibu mwananchi ni hisani ya kiongozi mwema, na akikaa kimya hana deni. Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo ndiye aliyeniletea Sheria ya Kenya ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, ile ile iliyoiunda Bodi yenu. Akanisomea kifungu cha 22, nikamwambia rudia, akarudia. Kifungu hicho kinasema wakazi wa mji wana haki ya kukutana katika mabaraza ya wananchi wakajadili huduma wanazopewa, bajeti, mipango ya maendeleo na mengine yanayowahusu. Kinasema Bodi itawaalika walete maombi na maoni yao, kisha Bodi itatoa mapendekezo jinsi ya kuyashughulikia na kumkabidhi Meneja. Halafu kinafika pale palipofanya niombe kurudiwa: Meneja atatoa ripoti ya uamuzi uliofikiwa kuhusu lile lililoletwa na wananchi, pamoja na sababu za uamuzi huo.

Sheria haikusema mama wa samaki lazima akubaliwe. Imesema aambiwe uamuzi ni upi, na kwa nini.

Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika vifungu vya 87 hadi 89, inataka mwananchi apate habari kwa wakati, inampa haki ya kuiandikia kaunti ombi juu ya jambo lolote lililo chini yake, na inaiwajibisha kaunti kujibu bila kuchelewa. Haya hayahitaji wakili. Yameandikwa waziwazi, na nina hakika yako katika kabati za ofisi zenu.

Najua pia kwamba mahakama imekwisha kulitazama jambo hili. Mwaka 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kurusha ujumbe mitandaoni kisha kumwachia mwananchi kazi ya kuuokota. Bunge la kaunti linapaswa kuwafuata watu pale wanapokutana, makanisani, misikitini, kwenye hekalu, kwenye mabaraza, kwenye redio za lugha zao, na jambo likiwa ni la ushuru na ada wajibu huo ni mzito zaidi. Silitaji hili kuwatisha. Hakuna mtu wa soko letu anayetaka kwenda mahakamani. Kesi ikianza, ada hukwama, taka hazizolewi, na tunaoumia ni sisi. Nalitaja ili mjue kwamba ninachoomba si kitu cha ajabu.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalisemi. Jibu la kukataliwa nalo lina faida kwetu.

Mnaikumbuka barabara ya kabro, ya matofali ya saruji, iliyo nyuma ya msikiti. Kabla ya kazi kuanza, mhandisi alikutana na wakazi pale pale, chini ya mwarobaini, na nampongeza kwa hilo, kwa sababu aliwafuata watu mlangoni kwao. Mzee mmoja fundi wa mawe, aliyejenga nyumba nyingi za mtaa ule, alitembea naye akimwonyesha kwa bakora. Maji ya masika hushukia hapa. Hupita kati ya nyumba hizi mbili. Kisha huteremka mpaka kwenye mikoko. Mkiinua barabara bila mtaro, maji yatakosa njia yatarudi milangoni. Mhandisi aliandika kwenye daftari lake. Akasema, "Tumelichukua, mzee."

Barabara ilimalizika, na ni nzuri, watoto wanaendesha baiskeli pale jioni. Mtaro haukujengwa. Masika ya kwanza maji yaliingia nyumba tatu, yakalowesha magodoro na gunia la mchele wa biashara la mama mmoja. Leo kwenye vizingiti vya nyumba zile kuna magunia ya mchanga, na mwenye nyumba huyaruka kila akitoka.

Huenda mhandisi alikuwa na sababu. Huenda fedha za mtaro hazikutosha, au vipimo vyake vilimwonyesha jambo ambalo mzee hakuliona. Lakini angerudi siku moja tu akasema, "Mzee, mtaro hauwezekani mwaka huu kwa sababu hii na hii," watu wale wangeinua vizingiti vyao kwa mawe na saruji kabla ya mvua. Fundi alikuwepo, ndiye yule yule mzee. Walikaa wakingoja mtaro kwa sababu waliambiwa neno lao limechukuliwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mambo yote niliyoyaandika hapa. Kimya chenu kiliwazuia kujisaidia wenyewe.

Nimekwisha kuambiwa na afisa mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, kwamba kaunti haiwezi kumjibu kila mtu. Nimeifikiria hoja hiyo kwa haki. Siku ile ukumbini walizungumza watu kumi na wanne, niliwahesabu kwenye daftari langu. Ukiyapanga waliyosema, yalikuwa mambo sita: ndoo ya samaki, choo cha soko, leseni ya wenye vibanda, maegesho ya tuktuk, taa ya mulika mwizi iliyozimika kule steji, na bei ya kaburi. Mambo sita yanaenea karatasi moja. Aliyeandika ripoti ya mistari minne angeweza kuandika mistari kumi na minane: neno lilikuwa hili, uamuzi ni huu, sababu ni hii.

Na karatasi hiyo ingekuwa na kazi nyingine. Mngeandika "ombi la kupunguza ada limekataliwa" na kuleta sokoni, tungewaambia siku hiyo hiyo kwamba hamkutusikia vizuri, kwamba tulizungumzia kipimo wala si kiwango. Kosa lingesahihishwa kabla mswada haujapitishwa. Lakini karatasi ilikwenda juu tu, haikurudi chini, na aliyekosea hakuwa na njia ya kujua kwamba amekosea. Simshuku mwandishi wa ripoti kwa nia mbaya. Pengine alikuwa peke yake, na ukumbi ulikuwa na kelele, na mama yule huzungumza kwa sauti ya chini.

Suala la lugha nalo silipiti. Katiba yetu, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika mji huu wa kwetu, mtu huzaliwa, huoa, hununua, hushtakiwa na huzikwa kwa Kiswahili. Mswada ukibaki na Kiingereza chake cha kisheria sina ugomvi nao. Ninachotaka ni kurasa mbili za Kiswahili zinazosema ada gani inapanda, ilikuwa kiasi gani, itakuwa kiasi gani, na itatozwa kwa kipimo gani. Neno "ndoo" lingesomwa na watu mia mbili mezani kwao wiki mbili kabla, badala ya kuonwa na mama mmoja ukutani dakika chache kabla ya kufunga kikao.

Na wiki mbili hizo zipo. Kalenda yenu haimshtui mtu, imeandikwa katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mswada wa Fedha una siku 90 baada ya bunge kupitisha mswada wa matumizi. Tarehe hizi zinajulikana mwaka mzima kabla. Tangazo la siku mbili haliwezi kuelezwa kwa dharura.

Saa nazo zichaguliwe na mtu anayetujua. Wavuvi huenda na maji. Waiteni siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, wengi watakuwa nchi kavu, waiteni pale pale bandarini kwenye kivuli cha banda la kuuzia samaki. Akina mama wa soko huwa na nafasi kati ya adhuhuri na alasiri. Ijumaa mchana si saa ya kikao katika mji kama wetu. Haya hayana gharama. Ukumbi wa hoteli ndio wenye gharama.

Sasa niseme na upande wetu, kwa sababu sitaki barua hii iwe ya lawama za upande mmoja. Wapo miongoni mwetu wanaokwenda vikaoni kwa ajili ya nauli na soda, wakatia sahihi na kuondoka kabla maoni hayajaanza. Wapo vijana wanaopelekwa na wanasiasa kujaza viti na kupiga makofi. Wapo wafanyabiashara wakubwa wasiotaka samaki wapimwe kwa kilo, kwa sababu ndoo inawafaa wao, na hao hawaji ukumbini, wana njia zao za kuzungumza nanyi. Na sisi kamati ya soko tulikwenda siku ile bila maandishi. Tulipaswa kuandika pendekezo, tupigiwe muhuri kaunta, tubaki na nakala. Kosa hilo ni langu, mimi ndiye katibu, na sitalirudia.

Wala sisemi zamani ilikuwa bora. Wazee wanaokumbuka baraza la manispaa la kabla ya mwaka 2013, lenye meya na madiwani, wanatuambia ada zilipandishwa bila mtu kuulizwa, ukajua siku unapodaiwa. Ugatuzi ulituletea kiti ukumbini. Nashukuru kwa kiti hicho. Nilikipigia kura mwaka 2010, tulipopitisha katiba mpya, nikiwa na mtoto mgongoni, katika foleni iliyozunguka uwanja wa shule.

Kwa sababu hiyo naogopa ninachokiona sasa. Kikao kilichofuata, kile cha bajeti, kutoka soko letu walikwenda watu wawili, mimi na mwenyekiti. Nilimwendea mama wa samaki nikamwomba twende pamoja. Alikuwa anageuza samaki karaini. Akasema, "Mwanangu, nenda wewe. Mimi nilishasema." Hakusema zaidi ya hapo. Nilisimama pale kidogo, nikaondoka. Yule alikuwa na elimu ya miaka arubaini ya biashara ya samaki, aliwapa bure asubuhi moja, na sidhani mtampata tena kwa tangazo la mlangoni.

Tunakubali kwamba kaunti inahitaji mapato. Tunataka maji sokoni, tunataka choo kinachofungika, tunataka barafu ili samaki wa jioni wasitupwe asubuhi, na tunajua vitu hivyo hununuliwa kwa fedha hizi hizi tunazotozwa. Mtu wa soko haogopi kulipa. Anahesabu kila siku, anajua kila kitu kina bei. Anachotaka ni kujua anapimwa kwa kipimo gani, na nani alikichagua, na kwa sababu gani.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya Mswada wa Fedha unaokuja kusomwa, Meneja wa Manispaa aje sokoni, au amtume mtu aliye na mamlaka ya kuzungumza kwa niaba yake, atuletee majibu ya mambo sita ya mwaka jana. Si hotuba. Uamuzi na sababu, jambo kwa jambo, kwa Kiswahili. Kama kipimo cha kilo hakifai, atuambie kwa nini: labda daftari la bandarini halitoshi kuaminiwa, labda samaki wengine hushukia fuo nyingine wasipite kwenye mizani ile, labda sheria inataka jambo ambalo hatulijui. Tutamsikiliza. Tukiwa na la kuongeza tutaongeza, tukiwa hatuna tutakwenda kuuza.

Pamoja na barua hii nimepeleka ombi la maandishi kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, nikiomba kumbukumbu za kikao kile na ripoti yoyote ya uamuzi iliyoandikwa baada yake. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Nakala yangu imepigwa muhuri, iko ndani ya daftari la kamati. Nimeona ni vyema mjue, nisionekane nimewazunguka.

Na kwa kuwa tunajua ofisi zenu hazina mahali pengi pa kubandika, kamati imewaandalia mahali. Ni ukuta wa mlango wa upande wa samaki, pale ambapo kila mtu hupita akiingia na akitoka. Wiki iliyopita tulichangishana, fundi akaupiga chokaa, kisha tukauchora kwa rangi nyeusi safu tatu: Neno la wananchi, Uamuzi, Sababu. Safu ya kwanza tumeanza kuijaza wenyewe, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani. Mstari wa juu kabisa unasema: "Ada ya samaki ihesabiwe kwa kilo za mizani ya bandarini, si kwa ndoo." Safu mbili zilizo mbele yake ni nyeupe. Rangi iliyobaki na brashi viko kwangu, meza ya tano ukiingia kwa mlango wa leso na nguo, niko pale kila siku isipokuwa Jumapili.

Wenu kwa heshima,

Katibu, Kamati ya Soko